Mshahara wa likizo ya uzazi na fao la uzazi: jibu kwa mdogo wetu wa Masasi

Mleta mada ameeleza kwamba ameajiriwa Masasi kama afisa mikopo katika taasisi binafsi, ametimiza miezi 14 kazini, ana ujauzito wa wiki 21, na meneja wake amemwambia kwa mdomo kwamba likizo yenye malipo ni ya mtumishi aliyetimiza miaka 2, na kwamba yeye akijifungua "atalipwa na NSSF". Anauliza ni nani hasa atakayemlipa, anahofia kuachishwa kazi, na mwisho anauliza kuhusu kunyonyesha akirudi kazini. Waliotangulia wamempa pole na kumtakia heri, jambo ambalo ni jema, lakini pole hailipi kodi ya nyumba, kwa hiyo naomba niandike kwa urefu yale niliyoyapitia mwenyewe mara mbili hapa Mtwara nikiwa karani wa stoo katika kiwanda cha kubangua korosho.

Mdogo wangu, meneja wako amechanganya pesa mbili zisizohusiana. Ya kwanza ni mshahara wako wa kawaida, ambao mwajiri anaendelea kuulipa ukiwa likizo ya uzazi kwa mujibu wa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Ya pili ni fao la uzazi linalotolewa na Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, yaani hiyo NSSF, kwa mwanachama aliyetimiza masharti ya michango. Kila moja ina hesabu yake ya muda, na kukosa moja hakukunyimi nyingine. Mimi nililielewa hili nikiwa tayari nimeshapoteza sehemu ya haki yangu.

Nianze na mshahara. Sheria haizungumzii miaka 2 mahali popote. Kigezo chake ni miezi 6 ya utumishi, nawe umekipita zamani. Unastahili siku zisizopungua 84 zenye malipo kamili, na siku 100 ukijifungua watoto zaidi ya mmoja kwa mara moja. Mwajiri analazimika kulipia likizo hizo mara 4 tu katika utumishi wako kwake. Kwa mama anayejifungua mtoto njiti, marekebisho ya sheria za kazi ya mwaka 2025 yameongeza muda ule uliobaki hadi zitimie wiki 40 za ujauzito, na kwa aliyewahi kukaa wodi ya watoto njiti akihesabu gramu za mtoto kila asubuhi, hilo si jambo dogo.

Sharti linalowaangusha wengi ni la taarifa. Unatakiwa umjulishe mwajiri angalau miezi 3 kabla ya tarehe ya makadirio ya kujifungua, ukiambatisha cheti cha daktari. Kwa wiki zako 21, umebakiwa na wiki kama 6 hivi za kufanya hivyo kwa raha. Andika barua hata kama meneja anakuona kila siku na tumbo analiona. Kwa mtoto wangu wa kwanza, aliyezaliwa Februari 2020, mimi nilisema kwa mdomo mlangoni mwa ofisi ya utumishi, nikajibiwa "haya mama, tutaliangalia", nikaondoka nimeridhika. Siku ya kuanza likizo nililetewa fomu iliyokwisha kujazwa, nami nikaisaini juu ya gunia la korosho bila kuisoma vizuri, kwa kuwa miguu ilikuwa imevimba na nilichokitaka ni kukaa chini. Mwezi Desemba, nilipoomba likizo yangu ya mwaka ili nimpeleke mtoto kwa bibi yake Newala, nilionyeshwa fomu ile ile: siku 84 zilikuwa zimegawanywa, 28 zikiandikwa likizo ya mwaka na 56 likizo ya uzazi, na chini yake sahihi yangu.

Hapo ndipo nilipokwenda kwa afisa kazi wa mkoa, ambaye alinisomea kifungu kinachomkataza mwajiri kumpa mfanyakazi likizo ya mwaka mahali pa likizo nyingine anayostahili. Alinishauri niandike barua ya kistaarabu kabla ya jambo lolote lingine, nami nikaandika ukurasa mmoja. Siku zangu 28 zikarudishwa bila maneno na bila radhi. Kwa hiyo ukiletewa fomu, tazama kwanza safu inayotaja aina ya likizo, kisha hesabu tarehe ya kuondoka na ya kurudi, ukikumbuka kwamba siku 84 ni wiki 12.

Mtoto wa pili ndiye aliyenifundisha jambo ambalo hata maofisa utumishi wengi hawalijui. Alikuwa anatarajiwa Novemba 2021, yaani miezi 21 tu baada ya wa kwanza, na ofisi ikasema kwamba kwa kuwa haijapita miaka 3 tangu uzazi uliotangulia, nitakwenda likizo bila malipo. Ni kweli kwamba sheria inatoa likizo ya uzazi ndani ya mzunguko wa miezi 36. Lakini mzunguko huo hauhesabiwi kuanzia siku ya kujifungua. Unahesabiwa kuanzia siku ulipoajiriwa, na ukiisha unaanza mwingine. Mimi niliajiriwa tarehe 1 Julai 2017, hivyo mzunguko wa kwanza ulikwisha tarehe 30 Juni 2020, na mimba ya pili ilikuwa katika mzunguko mpya kabisa. Nilirudi na nakala ya mkataba wangu, nikaweka kidole kwenye tarehe ya kuanza kazi, tukahesabu pamoja kwenye kalenda ya ukutani. Ofisa alinyamaza kidogo, akasema atauliza Dar es Salaam. Baada ya siku 4 nikaitwa kuchukua barua ya kuridhiwa likizo yenye malipo. Safari hiyo barua yangu ya taarifa ilikuwa na muhuri wa kupokelewa, na nakala yake nilikuwa nayo ndani ya nailoni pamoja na kadi ya kliniki.

Kwa ndugu zangu wa korosho wanaosoma kimya kimya, wale mnaoitwa kazini msimu ukifunguka na kuachwa ukifungwa: ile miezi 6 isiwatishe. Sheria imemtaja mfanyakazi wa msimu kuwa anastahili likizo zenye malipo, na pia imemtaja yule aliyefanya kazi zaidi ya mara moja kwa mwajiri yule yule ndani ya mwaka, ikiwa jumla ya muda wake imezidi miezi 6. Tunzeni vitambulisho na karatasi za malipo. Tena mwajiri haruhusiwi kumweka mjamzito au anayenyonyesha kwenye kazi yenye madhara kwake au kwa mtoto, na sote tunajua mafuta ya maganda ya korosho yanavyobabua mikono.

Sasa fao la uzazi. Sekta binafsi michango ni asilimia 20 ya mshahara, na kwa kawaida nusu hukatwa kwako na nusu hutolewa na mwajiri. Ili upate fao, unatakiwa uwe umechangia miezi 36, na kati ya hiyo, 12 iwe ndani ya miezi 36 inayotangulia kujifungua. Kwa miezi yako 14, kama hukuwahi kuchangia kwingine, fao hili hulipati safari hii, na ndiyo maana kauli ya kwamba "utalipwa na NSSF" inakuacha mikono mitupu pande zote mbili. Michango ya waajiri wa zamani inajumlishwa, ilmradi iliwasilishwa kweli.

Hilo la "kweli" lina uchungu kwangu. Kabla ya kuja Mtwara nilifanya kazi Lindi mwaka mzima katika nyumba ya wageni, na kila mwezi karatasi ya mshahara ilionyesha makato ya Mfuko. Mwaka 2020 nilifika kaunta nikiamini nina michango 43, binti wa kaunta akaigeuza skrini ili nijionee mwenyewe: ilikuwa 33. Katika miezi 12 ya Lindi, iliyowasilishwa ilikuwa 2 tu. Nilikosa fao kwa upungufu wa miezi 3, nikiwa na mtoto wa wiki 5 mgongoni. Mwaka 2022, kwa mtoto wa pili, michango ilikuwa imevuka 50, nikapeleka fomu, kitambulisho, kadi ya kliniki na tangazo la kizazi, nikalipwa. Nenda kaombe taarifa yako ya michango wiki hii hii, wakati bado unaweza kupanda basi bila shida, na uilinganishe mwezi kwa mwezi na karatasi zako za mshahara.

Kuhusu hofu yako ya kuachishwa kazi: ujauzito si sababu halali ya kumwachisha mtu. Ikitokea, unazo siku 30 za kufikisha mgogoro kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na siku 60 kwa migogoro mingine kama mshahara uliozuiliwa. Kujaza fomu ya malalamiko hakulipiwi. Nimeona watu wawili wakikataliwa kwa kuchelewa, mmoja wao kwa sababu alikuwa akimsubiri meneja "arudi safari".

Umeuliza mwisho kuhusu kunyonyesha. Unaweza kuanza likizo wiki 4 kabla ya tarehe ya makadirio, huruhusiwi kufanya kazi ndani ya wiki 6 baada ya kujifungua isipokuwa kwa idhini ya daktari, na ukirudi unastahili hadi saa 2 kwa siku, ndani ya muda wa kazi, za kumnyonyesha mtoto. Wiki ya kwanza ya kurudi sikuziomba kwa aibu, nikawa nimesimama kwenye mizani saa 4 asubuhi huku maziwa yakipenya hadi kwenye kanga, na wapakiaji wakigeuza macho kwa adabu. Wiki ya pili nilikubaliana na msimamizi kwamba nitatoka saa 9 alasiri badala ya saa 11 jioni, tukaandikiana karatasi ya mistari 3, na dereva wa bajaji akawa ananisubiri getini akijua kwamba nikichelewa, kilio cha mtoto atakisikia yeye kabla yangu tukikata kona ya nyumbani.