Jibu: Alaumiwe nani, dini au ukanamungu?

Salaam mkuu. Nimekupata: mnabishana kipi kilaumiwe kwa mauaji ya historia, dini au ukanamungu (kutoamini Mungu); mwenzako anakutajia Stalin, mtawala wa Kisovieti aliyepiga vita dini, wewe unamrushia Vita vya Msalaba, vile vya Wakristo kwenda kuteka Yerusalemu, mmekwama. Mimi na rafiki yangu tulishazunguka humo humo miezi kadhaa, kila mtu na maiti zake za kuhesabu.

Kilichonisaidia ni kuacha hesabu na kuuliza hivi kwanza: muuaji alipobanwa, aliacha kipi, imani au madaraka? Chukua Vita vya Miaka Thelathini kule Ulaya. Vilianza 1618 kwa ugomvi wa Wakatoliki na Waprotestanti, lakini mwaka 1635 Ufaransa ya Kikatoliki chini ya Richelieu, waziri mkuu wa mfalme (na kardinali mzima!), iliingia vitani upande wa Waprotestanti wa Sweden. Stalin naye: 1931 Kanisa Kuu la Kristo Mwokozi jijini Moscow likalipuliwa; 1943, Wajerumani wakiwa bado ndani ya nchi, akawaita maaskofu Kremlin na kuwaruhusu wachague patriaki, yaani mkuu wa kanisa lao.

Ila usikimbilie kusema itikadi haina hatia. Mapadri wengi waliopigwa risasi Urusi miaka ya 1930 waliandamwa kwa sababu ni mapadri. Na Wayahudi wa miji ya kando ya mto Rhine mwaka 1096 walipewa wachague, ubatizo au kifo, na watu waliovaa msalaba, wapiganaji wa Vita vya Msalaba. Hapo kusingizia siasa tupu ni kukwepa.

Shikeni tukio moja tu mlichimbe. Akirukia la pili kabla hamjamaliza, mrudishe.