Barua kwa Mwanangu: Wapuritani na Kalamu Zao

Mwanangu mpenzi,

Salamu zangu zikufikie huko chuoni. Sisi hatujambo. Baba yako anakusalimu, na goti lake limepoa kiasi kwamba ameanza tena kwenda barazani kubishana habari za mpira.

Ujumbe wako nimeusoma. Unasema kozi ya fasihi ya Marekani imeanza na Wapuritani, na kila mnachopewa ni mahubiri na shajara. Unauliza watu walioona tamthilia ni uchafu wanatafuta nini katika darasa la fasihi. Nakujibu haraka kwa sababu nakujua: ukishakichukia kitabu, hukifungui tena.

Anza na imani yao kabla ya vitabu vyao. Walikuwa Waprotestanti wa Uingereza, wafuasi wa mafundisho ya John Calvin, walioona Kanisa la nchi yao halijasafishwa vya kutosha. Kundi dogo lililojitenga nalo kabisa lilivuka bahari likafika Plymouth, Marekani, mwaka 1620. Wimbi kubwa likaja Massachusetts kuanzia 1630, likiongozwa na John Winthrop. Waliamini Mungu ameamua tangu azali nani ataokoka na nani ataangamia, na hakuna sala wala sadaka ya kuugeuza uamuzi huo.

Wewe ungesema, basi, kama yameshaamuliwa, tulale. Wao usingizi ndio uliowapaa. Uamuzi umepita lakini hujaambiwa, kwa hiyo unabaki kutafuta dalili. Mtoto kaugua: ni adhabu au ni jaribio? Nimelia kanisani: ni toba, au napenda kuonekana nalia? Tena katika makanisa ya Massachusetts, aliyetaka kuwa mshirika kamili alitakiwa kueleza jinsi neema ilivyomgusa, na waumini wakampima. Kwa hiyo waliikagua mioyo yao kila siku kama mwenye duka anavyokagua daftari la madeni, na wakaandika walichokikuta. Mimi naona chanzo ni hapo, katika wasiwasi usiokuwa na jibu.

Kusoma nako kulikuwa faradhi, maana kila mtu alipaswa kuijua Biblia mwenyewe. Chuo cha Harvard kilianzishwa 1636, na sheria ya 1647 ikautaka kila mji wenye kaya 50 uweke mwalimu wa kusoma na kuandika. Mapambo hawakuyataka. Walipotafsiri Zaburi na kuzichapa mwaka 1640, waliandika katika dibaji kwamba madhabahu ya Mungu haihitaji kung'arishwa na sisi. Beti zenyewe, nikwambie ukweli, zinakwaruza sikio.

Sasa msome Anne Bradstreet. Alivuka bahari mwaka 1630 akiwa binti wa miaka kama 18, tayari ameolewa, akazaa watoto wanane. Shemeji yake alizichukua tungo zake bila yeye kujua, zikachapwa London mwaka 1650. Lakini zile nizipendazo aliziandika baadaye, nyumbani. Julai 1666 nyumba yake iliteketea. Katika shairi lake anaanza vizuri kama muumini: Mungu alitoa, Mungu ametwaa, vyote vilikuwa vyake. Kisha anapita kwenye majivu na jicho linamsaliti. Hapa palikuwa na sanduku, pale kasha, hapa hatakaa mgeni tena, mshumaa hautawaka. Anaikemea nafsi yake, anaikumbusha nyumba iliyoko juu, na bado msomaji anabaki na lile sanduku.

Wewe ulisoma Al-Inkishafi, kwa hiyo sauti hiyo si ngeni kwako: mtu anauonya moyo wake kwa magofu. Ila mtunzi wake, Sayyid Abdallah, alikuwa akiyatazama majumba ya matajiri wa Pate waliokwisha kufa. Bradstreet magofu yalikuwa yake, majivu yangali mapya, na ndiyo maana kuonya kwake kunayumba. Pia aliwaachia watoto wake barua ambayo ndani yake anakiri kwamba mara nyingi alisumbuliwa na shaka kama Mungu yupo. Hebu fikiria mama wa Kipuritani anamwandikia hivyo mwanawe!

Edward Taylor, mchungaji wa Westfield, alitunga mashairi akijiandaa kwa Meza ya Bwana, na katika shairi lake lingine anamwomba Mungu amfanye gurudumu la kusokotea nyuzi. Mashairi yake mengi yalikaa bila kuchapwa mpaka yalipogunduliwa katika Chuo cha Yale mwaka 1937. Mary Rowlandson alitekwa vitani mwaka 1676, bintiye akamfia mikononi, na kisa chake kilichotoka 1682 kinatafuta aya ya Biblia kwa kila hatua ya njia. Kisome, lakini kumbuka Wenyeji wa Marekani waliomteka hawakupata nafasi ya kuandika upande wao.

Maana imani hii ilikuwa na meno. Winthrop alitaka wawe mji uliojengwa juu ya mlima, ulimwengu wote ukiwatazama, na mji wa namna hiyo haumvumilii anayehoji. Anne Hutchinson, mwanamke aliyewakosoa wachungaji, alihukumiwa kufukuzwa mwaka 1637. Salem, mwaka 1692, watu 19 walinyongwa kwa tuhuma za uchawi. (Ni Salem hiyohiyo ambayo baadaye merikebu zake zilileta vitambaa vya merikani Unguja.) Mmoja wa mahakimu alikuwa John Hathorne, na kilembwe wake, Nathaniel Hawthorne, ndiye aliyeandika The Scarlet Letter mwaka 1850, riwaya ya mwanamke anayevalishwa herufi ya aibu kifuani huku mchungaji aliyezini naye akihubiri. Babu zake wangeichukia riwaya hiyo, lakini ile kazi ya kumchimba mtu moyoni hadi aumbuke, wao ndio waliomfundisha.

Hotuba ya mchungaji Jonathan Edwards ya 1741, ile ya wenye dhambi mikononi mwa Mungu aliyekasirika, iache mwisho, maana wengi huanza nayo wakadhani Wapuritani ni moto mtupu. Anza na shairi la nyumba, ulisome kwa sauti, kisha unipigie Jumapili baada ya adhuhuri uniambie ni mstari gani ulipomwona Bradstreet ameshindwa kujikemea. Mimi nina wangu, ila sikutajii.

Mama yako