Kwa mnaokwenda China kusomea udaktari: mzozo wa tiba ya Kichina utawakuta huko

Ukienda China kusomea udaktari au famasia, ujue ratiba yako itakuwa na somo la tiba ya jadi ya Kichina. Utafundishwa kushika mapigo ya mkono kwa vidole vitatu, kutazama ulimi, kutaja njia ambazo nguvu ya qi inasemekana kupita mwilini, na utapelekwa kwenye duka la dawa lenye droo ndogo ndogo kuanzia sakafuni hadi darini. Muhula haujaisha utaulizwa, kama si na mwenzako wa darasani basi na shangazi kwenye WhatsApp: hivi hizi dawa za Kichina ni za kweli?

Usilijibu swali hilo jinsi lilivyo. Ndani ya jina "tiba ya Kichina" kuna mizizi, madini, viungo vya wanyama, sindano (akupancha, za kuchoma tu bila dawa ndani), kuumika, kuchua, lishe, mazoezi, na juu ya vyote hivyo nadharia ya kueleza mwili. Kuuliza kama yote hayo ni ya kweli ni sawa na kuuliza kama bidhaa za Kariakoo ni nzuri. Bidhaa ipi, na umeilinganisha na nini? Ukishika maswali hayo mawili utapita salama kwenye mabishano mengi yatakayokuzunguka. Wenzetu wengi hawakuyashika. Wapo waliolisinzia somo lote kwa dharau, na wapo waliorudi nyumbani na mkoba wa sindano wakitangaza kutibu kila kitu.

Jambo jingine la kuondoa kichwani mapema ni dhana kwamba huu ni ugomvi wa Wazungu na Wachina. Wachina wenyewe wamebishana kwa miaka mia na zaidi, tena kwa ukali kuliko wageni. Mwaka 1929 daktari Yu Yunxiu, aliyesomea Japani, alipeleka pendekezo serikalini la kuifuta tiba ya jadi hatua kwa hatua. Waganga wakakusanyika Shanghai tarehe 17 Machi, maduka ya dawa yakafungwa, na pendekezo likafa. Mwandishi Lu Xun, ambaye naye alianza kusomea udaktari huko Japani, aliandika kwa uchungu kuhusu waganga waliomtibu baba yake mpaka akafariki. Mwaka 2006 profesa Zhang Gongyao alianzisha ombi la kuiondoa tiba hiyo kwenye mfumo wa afya wa taifa, na akapata matusi ya kumtosha. Upande wa pili serikali imesimama imara: tiba ya jadi imetajwa kwenye Katiba ya 1982, na sheria yake maalumu ilianza kutumika Julai 2017. Kwa hiyo ukimsikia mwanafunzi wa Kichina anaiponda, usidhani amelishwa maneno na wageni, na ukimsikia profesa anaitetea, kumbuka kwamba anazungumzia pia kitu chenye bajeti na heshima ya taifa.

Utaambiwa mara nyingi kwamba tiba hii ina maelfu ya miaka. Vitabu vyake ni vya kale kweli. Lakini mtaala utakaosoma, uliopangwa vizuri kwa sura na mitihani, ulitengenezwa hasa miaka ya 1950, pale vyuo vya kwanza vya serikali vilipofunguliwa Beijing, Shanghai, Guangzhou na Chengdu mwaka 1956. Kabla ya hapo kulikuwa na shule nyingi za waganga zilizopingana. Na dripu za mitishamba utakazoziona wodini, hizo hakuna mganga wa kale aliyezijua.

Sasa nije kwenye artemisinini, dawa ya malaria iliyopatikana kutoka mmea wa tiba hiyo, maana hii lazima uijue kwa undani. Kila mtu ataitumia kukushinda, awe mtetezi au mpinzani.

Mei 1967, wakati wa vita vya Vietnam, China ilianzisha mradi wa siri wa kutafuta dawa ya malaria, ukaitwa 523 kwa kufuata tarehe na mwezi ulipoanza. Klorokwini ilikuwa imeanza kushindwa. Mwaka 1969 Tu Youyou, mfamasia wa Chuo cha Tiba ya Jadi mjini Beijing, alipewa kuongoza kundi moja. Walipitia maandalizi zaidi ya 2,000 ya mitishamba, wakachagua 640 yenye dalili ya kufaa, kisha wakatengeneza viziduo zaidi ya 380 kutoka mimea kama 200 na kuvijaribu kwa panya. Mmea wa qinghao, yaani artemisia, ulionyesha matumaini mara moja, halafu ukakataa. Tu akarudi kwenye kitabu cha Ge Hong cha karne ya nne. Humo kulikuwa na maelekezo ya homa za vipindi: chukua konzi ya qinghao, iloweke kwenye maji, kamua, kunywa. Hapakutajwa kuchemsha. Akahisi kuwa joto ndilo lililokuwa likiharibu dawa, akaikamua upya kwa etha, ambayo huchemka kwenye nyuzi 35 hivi. Oktoba 1971 sampuli namba 191 iliua vimelea vyote kwa panya na nyani. Mwaka uliofuata yeye na wenzake wakainywa wenyewe kwanza kabla ya kuwapa wagonjwa. Mwaka 2015 akapata Nobeli. Dawa ya mseto tunayotoa kila siku dirishani, ile ALu, nusu yake ni mtoto wa kazi hiyo.

Mtetezi atakwambia: unaona, tiba ya Kichina imethibitika. Mwulize basi kuhusu ile mimea mingine karibu 200. Kitabu cha kale kilitoa fununu nzuri, ila jaribio ndilo lililochambua, na lilitupa karibu kila kitu. Tena nadharia ya joto na baridi (ambayo sisi wa pwani tunaielewa haraka, maana bibi zetu nao walitukataza vyakula vya baridi tukiwa na mafua) haikusaidia kutabiri ni mmea upi ungeua vimelea. Mpinzani naye atakwambia kitabu hakikuwa na mchango. Huyo mwonyeshe ule mstari wa Ge Hong. Bila huo huenda qinghao ingebaki kwenye kapu la vilivyoshindwa.

Na hapa kuna kosa litakalokufuata hadi nyumbani. Watu husikia habari ya artemisinini kisha hunywa chai ya artemisia. Mei 2020 Tanzania ilituma ndege Madagaska kuchukua kinywaji cha mmea huo kwa ajili ya korona. Artemisinini haiyeyuki vizuri kwenye maji, kiasi chake hubadilika kwa shamba na kwa mavuno, na dozi pungufu huwafunza vimelea kuzoea dawa. Shirika la Afya Duniani halipendekezi chai hiyo kwa malaria, na sababu ni hizo. Anayeinywa kujikinga hajafuata nyayo za Tu Youyou hata kidogo. Tu aliuacha mmea akaifuata molekuli.

Mfano wa pili haujulikani sana kwetu, nao naupenda zaidi. Miaka ya 1970 huko Harbin, Zhang Tingdong na wenzake walichukua dawa ya kienyeji yenye aseniki, zebaki na sumu ya chura, wakaondoa kimoja kimoja, wakagundua kuwa kazi ya kutibu aina moja ya saratani ya damu ilifanywa na aseniki. Jaribio lililochapishwa 2013 na madaktari wa Italia na Ujerumani lilionyesha kuwa aseniki pamoja na asidi ya retinoiki iliwafikisha asilimia 97 ya wagonjwa miaka miwili bila ugonjwa kurudi wala kifo, dhidi ya 86 kwa matibabu ya kawaida yenye kemotherapi. Zebaki na chura wameachwa njiani, na hakuna aliyewalilia.

Sindano ni habari nyingine, na hapo ndipo swali la "umelinganisha na nini" linapouma. Ujerumani ilifanya majaribio makubwa ambayo sehemu ya maumivu ya mgongo ilichapishwa 2007, ikiwa na wagonjwa 1,162. Kundi moja lilipata sindano kwa kufuata mafundisho. La pili lilichomwa juujuu tu, nje ya sehemu zinazofundishwa. La tatu lilipata dawa na mazoezi ya kawaida. Baada ya miezi sita waliopata nafuu walikuwa asilimia 47.6, 44.2 na 27.4. Ukilinganisha kundi la kwanza na la tatu, utashangilia. Ukililinganisha na la pili, utajiuliza zile ramani za qi ulizokariri usiku kucha zina kazi gani. Majibu yote mawili yametoka kwenye jedwali moja, na watu wawili wenye akili timamu watalisoma tofauti. Mimi naona mgonjwa alipata nafuu ya kweli, ila nafuu hiyo haikutegemea ramani. Ukiona tafiti zisizo na kundi la pili, zisome kwa tahadhari. Ukiona nchi ambayo tafiti zake karibu zote huleta majibu mazuri, ongeza tahadhari: mapitio ya 1998 yaliyoongozwa na Andrew Vickers yalikuta majaribio yote ya sindano yaliyotoka China katika hesabu yake yalikuwa na matokeo chanya. Hakuna tiba duniani yenye bahati hiyo.

Mapigo na ulimi nisipoteze muda navyo. Marekani waganga watatu walipewa wagonjwa walewale wa baridi yabisi, kila mmoja akiwapima peke yake, na makubaliano yao kuhusu tatizo yalikuwa chini ya theluthi moja. Jifunze kwa ajili ya mtihani, na umheshimu mwalimu.

Ila usiache kusoma kuhusu Aristolochia, jamii ya mimea yenye sumu, hata kama haimo kwenye mtihani wako. Mjini Brussels, mwanzoni mwa miaka ya 1990, kliniki ya kupunguza unene iliongeza mitishamba ya Kichina kwenye vidonge vyake. Mmoja ulipaswa kuwa Stephania tetrandra, lakini sokoni jina lake linakaribiana na la Aristolochia fangchi, zikabadilishana. Zaidi ya wanawake mia moja waliharibika figo. Ripoti ya 2000 ilionyesha kwamba kati ya 39 walioondolewa figo na mirija ya mkojo, 18 walikuwa na saratani humo. Utetezi wa kawaida ni kwamba Wabelgiji walitumia vibaya dawa ya watu. Taiwani inaufuta utetezi huo: huko karibu theluthi moja ya wananchi waliandikiwa mitishamba ya jamii hiyo kati ya 1997 na 2003, na waganga waliosomea, na saratani za aina hiyohiyo ziko juu. Mmea huo ulitumika karne nyingi bila mtu kuustukia. Saratani inayokuja baada ya miaka kumi hakuna mganga, wa Kichina wala wa Bagamoyo, anayeweza kuiunganisha na kikombe cha zamani kwa macho tu.

Mkirudi nyumbani, mzozo huu hautakuwa tena wa vitabuni. Muulizeni mgonjwa anatumia nini kingine, na msikunje uso, maana mkikunja atawaficha. Mzizi wa danshen ukikutana na warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, damu haigandi. Ligorisi ikitumiwa sana hupandisha presha na kushusha potasiamu. Efedra hupandisha presha vilevile. Mwombeni alete pakiti, ipigeni picha, andikeni jina la kisayansi na sehemu ya mmea. Pakiti ya dawa ya viungo ambayo haina orodha ya viambato, na mgonjwa anasema maumivu yaliisha siku ileile, ishukuni kuwa na deksamethasoni (steroidi) au diklofenaki (dawa ya maumivu) ndani. Za nguvu za kiume zimekutwa mara nyingi na sildenafili, dawa iliyomo kwenye Viagra. Na kabla hamjamwamuru mwenye vidonge vya viungo aache, ulizeni amevitumia kwa muda gani, kwa sababu kama ni steroidi na amekunywa kwa miezi, kuviacha ghafla kunaweza kumwangusha kuliko ugonjwa wenyewe. Mpunguzieni taratibu, mkiwa na daktari bingwa kando.