Kabla ya Kununua Kontroli Boksi ya Mtumba

Kwa muda wote ambao nimetunza magari ya Kijapani ya miaka ya 1990 hapa Dodoma, nimeona kontroli boksi ya injini (kompyuta ndogo inayoiongoza injini) ikilaumiwa kuliko inavyostahili. Gari likizimazima njiani na fundi asipoona ubovu wa wazi, mwenye gari huambiwa aagize nyingine ya mtumba kutoka Dar es Salaam.

Ninashauri uanze na umeme unaoifikia boksi. Injini ikiwa inaunguruma, betri isome kati ya volti 13.5 na 14.5, ikipita 15, altaneta, yaani mashine inayochaji betri, ndiyo ya kushughulikiwa kwanza. Fungua waya wa athi (ule unaotoka upande hasi wa betri) pale unapofungwa kwenye injini na bodi, usugue kutu na kuukaza upya. Toyota nyingi za wakati huo hazihitaji hata mashine ya kupimia, kwani ukiunganisha matundu yaliyoandikwa TE1 na E1 kwenye soketi ya uchunguzi ya gari kwa kipande cha waya na kufungua swichi bila kuwasha injini, taa ya injini hupepesa namba ya hitilafu. Usikosee tundu, maana jirani yake mna umeme wa betri.

Yote hayo yakiwa salama, ondoa terminali ya betri, kisha uifungue boksi yenyewe, ambayo mara nyingi hukaa nyuma ya droo ya dashibodi au miguuni pa abiria, mahali ambapo maji ya mvua yanayopenya kiooni huweza kuifikia. Chunguza kapasita za elektroliti, vile vikopo vidogo vya kutunza umeme kwenye ubao. Zinapozeeka, majimaji yake huvuja, hutoa harufu kama ya samaki aliyechacha na kula njia za shaba kwenye ubao. Mitsubishi za miaka ile zinajulikana sana kwa ugonjwa huu. Fundi redio mwenye mkono mtulivu (na huyu kwangu ni bora kuliko fundi gari mwenye haraka) anaweza kusafisha ubao kwa spiriti na kuweka kapasita mpya zenye maikrofaradi (kipimo cha ujazo wake wa umeme) zilezile, volti zisizopungua za awali, na uwezo wa kuhimili nyuzi joto 105.

Mimi huchagua kukarabati boksi ya gari lenyewe. Ile ya mtumba huwa na umri uleule na kapasita zilizochoka vilevile; tena namba yake isipolingana na ya kwako, au gari likiwa na ufunguo wenye chipu, huenda injini isiwake kabisa.