Si kila merikebu iliyozama ilipigwa na dhoruba

Jana nimekaa na jedwali mlilonitumia, ninyi mliojiunga juzi. Safu ya "chanzo" imejaa neno moja toka juu hadi chini: dhoruba, dhoruba, dhoruba. Mmoja wenu, ambaye nampenda sana, ameandika "dhoruba kali" ili kubadilisha ladha. Wanangu, kazi ya kuorodhesha meli za tanga zilizopotea haihitaji miujiza, ila ina mitego, na mnanasa palepale tuliponasa sisi. Naandika haya nisije nikayarudia kila Jumatatu mpaka nistaafu.

1. Anzeni na mwezi. Kabla hujasoma nahodha alisema nini, tazama tarehe, kisha jiulize ni upepo gani uliokuwa ukivuma. Vasco da Gama alitoka Malindi mwishoni mwa Aprili 1498, rubani mjuzi yumo chomboni na kusi ndiyo inaanza, akavuka hadi pwani ya Calicut kwa siku 23 hivi. Wakati wa kurudi hakuwa na subira ya kungoja kaskazi. Aliondoka pwani ya India mapema Oktoba, akazagaa baharini karibu miezi mitatu, watu wakimfia kwa kiseyeye, hadi akaiona Mogadishu mwanzoni mwa Januari 1499. Siku chache baadaye, kwenye mafungu ya Mtangata, upande wa Tanga, akaitia moto meli yake São Rafael yeye mwenyewe, maana mabaharia waliobaki hawakutosha kuendesha meli tatu. Kwenye jedwali lenu imeandikwa "dhoruba, Tanga". Dhoruba ipi? Mzee yeyote wa Pwani angemwambia akae kitako, ale tende, angoje upepo.

2. Kalenda. Wareno walihamia kalenda mpya mwaka 1582, Waingereza wakasubiri hadi 1752. Kwa hiyo msiba wa Admeri Cloudesley Shovell kwenye visiwa vya Scilly ni tarehe 22 Oktoba 1707 kwa Waingereza, na 2 Novemba kwa majirani zao Wafaransa. Ninyi mmeuingiza mara mbili. Manowari nne zilizama usiku ule na watu zaidi ya elfu moja wakafa, nanyi mmewazamisha upya baada ya siku 11. Na kile kisa cha baharia aliyewaonya kwamba wamepotea njia akanyongwa kwa kiherehere chake, kitoeni. Ni kitamu, nami nilikipenda sana, lakini ushahidi hakina. Hata kule kusema "walikosea longitudo tu", yaani umbali wao mashariki au magharibi, ni nusu ya habari: madaftari yaliyosalia ya msafara ule yanaonyesha kwamba hata latitudo zao, umbali wa kaskazini au kusini, hazikupatana.

3. Daftari la manowari ya Kiingereza kabla ya 1805 linaanza siku saa sita mchana, si usiku wa manane, kwa hiyo tukio la alasiri hubeba tarehe ya kesho. Msishangae sana, kwetu nako siku mpya huingia jua likitua.

4. Longitudo. Hapa kaeni vizuri.

Mwezi uliopita mmoja wenu aliniletea rasimu, na kwenye tanbihi nikakuta jina langu. Alikuwa amenukuu makala yangu ya zamani kuthibitisha kwamba nahodha fulani Mfaransa wa karne ya 18, aliyepoteza meli kwenye mlango wa bahari wa Msumbiji, "hakujua alipo". Nilitamani sakafu ipasuke. Makala ile ndiyo aibu yangu kubwa katika kazi hii, na kila nikidhani imesahaulika, kijana mwenye bidii anaifukua.

Ilikuwa hivi. Nilipata nakala ya barua ya nahodha yule. Latitudo: nyuzi 15 na kidogo kusini. Longitudo: nyuzi 38 na nusu mashariki. Nikaziweka kwenye ramani, na nukta ikaangukia nchi kavu, bara kabisa, ng'ambo ya Nampula, mahali ambapo chombo pekee kinachoweza kuzama ni ndoo kisimani. Mtu mwenye akili zake angesimama hapo ajiulize. Mimi nilifurahi! Nilikuwa nimetoka kusoma habari za saa ya John Harrison ya kupimia longitudo, ile iliyojaribiwa baharini mwaka 1761, na jinsi manahodha waliotangulia walivyokuwa wakikisia longitudo kwa kasi ya chombo na mwelekeo wa dira. Basi jibu nililikuwa nalo kabla ya swali. Huyu bwana alikisia vibaya, akajiona yuko mbali na miamba, akaipanda. Niliandika kurasa kadhaa za kumsimanga marehemu, tena kwa mbwembwe, nikazisoma mbele ya watu. Wakacheka pale nilipotaka wacheke.

Kisha akanyoosha mkono mzee mmoja aliyekaa nyuma, mstaafu, maisha yake yote alikuwa mchora ramani za bandari. Akauliza kwa upole, "Mwanangu, hizo nyuzi zimehesabiwa kuanzia wapi?" Nikamjibu, tena nikitabasamu, "Greenwich, mzee wangu." Akanyamaza kidogo. "Mfaransa wa zamani zile ahesabu toka Greenwich kwa sababu gani?"

Wafaransa walihesabu toka Paris. Paris iko nyuzi 2 na dakika 20 mashariki ya Greenwich. Ongeza hizo kwenye 38 na nusu, unapata nyuzi 40 na dakika 50, na nukta inatoka porini inatua majini, nje kidogo tu ya Kisiwa cha Msumbiji. Yaani nahodha yule alijua barabara alipokuwa. Aliyepotea njia, kwa kilomita mia mbili na hamsini hivi, ni mimi.

Wala hilo silo linaloniuma zaidi. Barua ilikuwa na ukurasa wa pili. Ukurasa huo ulieleza kila kitu: meli ilikuwa imetia nanga, amari, kamba ya nanga, ikakatika usiku, mkondo ukaisukuma mwambani kabla hawajawahi kutweka tanga. Sikuusoma kwa makini kwa sababu jibu nilikuwa nalo. Mzee yule hakunicheka. Baadaye alinipa kikaratasi alichoandika kwa penseli mahali watu walipoanzia kuhesabu longitudo: Paris, Lisbon, na kisiwa cha Ferro huko Canaria, ambacho Wafaransa walikiweka nyuzi 20 kamili magharibi ya Paris. Makubaliano ya kuhesabu toka Greenwich ni ya mwaka 1884, na Wafaransa waliendelea kung'ang'ania Paris yao miaka mingi baada ya hapo. Kikaratasi nimekibandika juu ya kompyuta ya pili, ile yenye kibodi mbovu. Hakuna asiyekiona. Tatizo ni kukisoma.

5. Msipite farumi, ule uzito wa kutuliza chombo, mkikimbilia mizinga. São José ilitoka Kisiwa cha Msumbiji Desemba 1794 ikiwa na watumwa zaidi ya 500, ikavunjika karibu na Cape Town kabla mwezi haujaisha, na zaidi ya 200 kati yao wakafa. Wasaka hazina walioyafikia mabaki yake miaka ya 1980 walidhani ni meli ya Kiholanzi ya zamani zaidi. Kilichosaidia kuitambua ni vipande vya chuma vya farumi pamoja na maelezo ya nahodha yaliyopatikana kwenye nyaraka za Cape. Shehena ya binadamu haitulii kama magunia, ndiyo maana ilihitaji chuma. Waliookolewa waliuzwa palepale Cape. Kwenye safu ya "waliopona" msiandike namba ikaishia hapo.

6. "Taifa" la meli ni bendera, si mbao. Santo António de Tanná, iliyozama mbele ya Ngome ya Yesu mwaka 1697 Wareno wakiwa wamezingirwa, iliundwa India, huko Bassein. Vitu vyake vilivyopandishwa kuanzia 1977 viko pale pale ngomeni Mombasa. Nendeni mkavione, nauli si kisingizio.

7. Nimeacha la mwisho kwa sababu nimekasirika. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikang'oa mikarafuu, kikavunja merikebu za Sultani Barghash pamoja na majahazi yaliyokuwa yametia nanga bandarini. Hiyo ndiyo dhoruba. Hapo ndipo neno lenu lilipohitajika, na safu yenu ya 1872 ni tupu kabisa, kwa kuwa mmenakili orodha za bima za London, na majahazi hayakuwa na bima London. Anayesoma Kiarabu cha mkono aanze na barua za wafanyabiashara. Wengine watafute wazee Mkokotoni na Nungwi.

Safu ya "chanzo" nimeifuta yote. Nakala ya zamani ninayo mimi, msihangaike kuitafuta.