Anza na mitungi: kwa wageni wa sangha, jumuiya ya Wabuddha, Mombasa

Ugomvi mkubwa wa watawa zama za Buddha, ule wa mji wa Kosambi, ulianzia msalani. Mtawa mmoja aliacha maji ndani ya kopo, jambo lililokatazwa. Mwenzake, fundi wa kanuni, akamwambia kwamba kama hakukusudia si kosa. Kisha akageuka akawaambia wanafunzi wake kwamba yule ana kosa na hata halioni. Maneno yakasambaa, watawa wakagawanyika pande mbili, Buddha akawasuluhisha wakakataa, akaenda zake msituni. Kilichowaregeza ni njaa: wenyeji waliacha kuwapa chakula.

Kwa hiyo mgeni akituuliza aanze na tafakari gani, sisi humwonyesha mitungi. Maji ya mfereji hapa huja kwa zamu, na mtungi wa lita 20 ni kilo 20 za kupandisha ngazi. Kielelezo chetu ni watawa watatu wa Buddha, Anuruddha, Nandiya na Kimbila, walioishi pamoja kama maziwa na maji. Anayetangulia kurudi hutandika mahali pa kukaa na kuweka maji ya kunywa; wa mwisho huondoa vyombo na kufagia; anayeuona mtungi mtupu ndiye anayeujaza, na ukimshinda humwita mwenzake kwa ishara ya mkono. Hakuna "nani aliyamaliza?" Ratiba ya zamu ukutani yafaa mwezi wa kwanza. Ikikaa mwaka mzima huwa daftari la madeni, watu wakahesabiana mitungi.

Kukaa kutafakari ni saa kumi na moja alfajiri, kabla joto la kaskazi halijapanda. Tandika mkeka, ukalie mto mgumu ili makalio yawe juu kuliko magoti. Mto wa sofa hudidimia, na miguu hufa ganzi mapema. Adhana itakukuta umekaa. Usishindane nayo, isikilize hadi mwisho kisha endelea.

Metta, yaani kumtakia kiumbe heri, hupandwa kama ngazi. Dakika 20 zatosha. Jitakie nafsi yako usalama kwanza, kisha mtu unayemheshimu, kisha rafiki, kisha mtu ambaye huna lako naye, kama utingo wa matatu uliyopanda jana. Adui huja mwisho. Wageni wengi, hasa msimu wa siasa, huruka moja kwa moja kwa adui wakidhani ndio ushujaa, nao huinuka mkekani na hasira maradufu. Buddhaghosa, mwanazuoni wa karne ya 5, aliyeipanga njia hii kwa makini, alionya pia dhidi ya kumwelekezea metta mtu unayemtamani, kwa kuwa huishia ashiki, na akakataza kabisa kumtumia marehemu, maana hapo akili haifikii utulivu. Katazo hili ni gumu kulishika nyumba ikiwa na msiba. Lishike hivyo hivyo, na metta yako iwaelekee wafiwa.

Karuna, huruma, ina maadui wawili. Yule wa mbali ni ukatili, na kila mtu humjua. Wa karibu ni huzuni, na huyu ni mjanja kwa sababu hufanana na huruma yenyewe. Utamjua hivi: umetoka kusaidia waliofurikiwa na mvua za masika, huli, hulali, na unamchukia asiyelia kama wewe. Hapo hufai tena kwa kazi. Ndiyo maana tunakwenda wawili wawili, muda wa saa nne, kisha wengine wanapokea, hata kama unahisi unaweza kuendelea. Ukihisi hivyo sana, ni dalili pia.

Mgonjwa ndiye mtihani wenyewe. Buddha na mhudumu wake Ananda walimkuta mtawa wa kuhara amelala katika uchafu wake, hakuna wa kumtazama; walimwosha kwa mikono yao. Sifa za muuguzi alizozitaja Buddha ni tano: ajue kutayarisha dawa, ajue kinachofaa na kisichofaa, ahudumu kwa wema bila kutazamia faida, asichukie kinyesi, mkojo, matapishi wala mate, na ajue kumtia mgonjwa moyo.

Kwa kuhara, kama huna paketi ya dawa ya kuchanganya, chemsha lita 1 ya maji, iache ipoe, tia vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Usitumie maji ya kisima: mengi ya kisiwani yana chumvi tayari, na kuchemsha hakuiondoi. Mpe kidogo kidogo. Akitapika, ngoja dakika 10 kisha rudia polepole. Mchanganyiko uliobaki baada ya saa 24 umwagwe. Choo kikiwa kama maji ya mchele, au akishindwa kunywa, mpelekeni hospitali, mkimnywesha njiani akiweza kumeza.

Asiyeweza kugusa matapishi aseme mapema. Kuna mitungi ya kujazwa.