Mfamasia, daktari na cheti cha dawa: mmeuliza, tunajibu

Daktari kaandika jina la kampuni, sisi tuna dawa ileile ya kampuni nyingine. Nimpe mgonjwa? (Jinja)

Mpe, mradi dawa iliyomo ndani, nguvu yake na umbo ni vilevile. Ila mweleze kabla hajaondoka. Wengi wakiona rangi ya kidonge imebadilika huacha kumeza, au humeza vyote viwili. Dawa yenyewe ikiwa nyingine, mpigie daktari kwanza.

Mgonjwa anameza TLD (kidonge kimoja cha VVU chenye tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri), sasa ameanzishiwa rifampisini ya kifua kikuu. Cheti kinasema TLD moja kwa siku, basi. (Mbale)

Usitoe bado. Rifampisini hupunguza dolutegraviri mwilini, kwa hiyo anahitaji miligramu 50 asubuhi na 50 jioni, mpaka wiki mbili baada ya kumaliza rifampisini. Mpigie aliyeandika, mtajie tatizo na pendekezo lako kwa ufupi, kisha msomee tena dozi aliyoikubali, neno kwa neno. Kwenye cheti andika saa, jina lake na mlichokubaliana, utie sahihi. Yeye naye aandike kwenye faili.

Kosa la kawaida hapa ni kutoa TLD mbili kwa siku. Hapo tenofoviri na lamivudini nazo zinakuwa maradufu. Kidonge cha jioni ni dolutegraviri tupu: kwa siku 30, TLD 30 na dolutegraviri 30, chupa mbili. Msipoandika, atakayehudumu mwezi ujao atasoma cheti cha zamani na kutoa chupa moja.

Hospitali inataka mfamasia arekebishe dozi ya warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) bila kumtafuta daktari kila mara. Tuanzie wapi? (Gulu)

Kwenye karatasi, na ipitishwe na Kamati ya Dawa na Tiba. Itaje wagonjwa wanaohusika, INR inayolengwa (kipimo cha muda wa damu kuganda; 2 hadi 3 kwa wengi) na kikomo cha mfamasia, tuseme asilimia 5 hadi 20 ya dozi ya wiki. INR ikizidi 5, au mgonjwa akitokwa damu hata kama INR ni nzuri, daktari aitwe papo hapo. Ongezeni kwamba antibayotiki kama metronidazoli au kotrimoksazoli ikiandikwa, mfamasia aarifiwe siku hiyohiyo, maana hizo hupandisha INR ndani ya siku chache.

Nina duka la dawa kijijini. Mteja kaja na cheti halali cha sindano za antibayotiki ya seftriaksoni. Niuze? (Tororo)

Hapana. Leseni yako ya NDA (Mamlaka ya Dawa ya Uganda) ni ya dawa za kundi C, yaani zinazouzwa bila cheti, na cheti cha daktari hakiigeuzi kuwa ya famasi. Mrudishie cheti chake, umwelekeze famasi.